Kidonda cha Shira ya Mabuyu

Juzi ofisini, mwenzangu aliyekuwa amerudi kutoka likizo Mombasa alifungua pakiti ya mabuyu, na kabla hajanipa hata moja nikajikuta nimeinua kichwa natafuta nyuki. Hakukuwa na nyuki. Tulikuwa Nairobi, ghorofani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Lakini ile harufu ya iliki na sukari iliyochemshwa mpaka ikakaribia kuungua hunipeleka mahali pamoja tu kila mara: kanisa la kigango chetu kule Mishomoroni, Dominika ya Pili ya Pasaka, mimi nimevaa kanzu ya kuazima iliyofungwa kiunoni kwa kamba, ndevu za sufi zimebandikwa kidevuni, na mbele yangu amesimama Yesu Mfufuka akinitazama kwa macho ya mtu anayeomba aokolewe.

Nitawaeleza vizuri, maana nikiishia hapo mtadhani nawatania.

Nilikuwa darasa la tano. Jina langu la ubatizo ni Skolastika, lakini mtaa mzima uliniita Skola, na waliotaka kunichokoza waliniita Kwanini. Wazazi wangu walitoka Taita kabla sijazaliwa. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, tukimwona kati ya safari moja na nyingine, kwa hiyo nyumba yetu siku nyingi ilikuwa ya mama, mimi na cherehani. Mama alikuwa fundi wa kushona, na msimu ule wa Pasaka cherehani haikupumzika. Wasichana wengi wa kigango walikuwa wanapokea Komunyo ya kwanza Dominika ya Tatu, na karibu wote walishonewa na yeye. Satini nyeupe ilijaa nyumbani. Magauni yalining'inia kwenye misumari, kwenye fremu za milango, kwenye kamba iliyokatiza sebuleni, mpaka ukitaka kwenda jikoni ilibidi upenye katikati yake, kama unapita kwenye kundi la malaika wasio na vichwa.

Langu lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Lilikuwa na kola, lilikuwa na lesi kiunoni, lilikuwa na vifungo vidogo vya lulu bandia mgongoni. Halikuwa na mikono. Mikono mama alikuwa ameshaikata, akaikunja na kuiweka kwenye kopo la biskuti alimohifadhi vifungo.

"Nitaitia Mwalimu akisema ndiyo," aliniambia, wala hakuwa amekasirika. "Sitaki kutazama gauni zima ambalo halina pa kwenda."

Mwalimu alikuwa Mwalimu Anselmi, katekista wetu. Siku za kazi alitengeneza saa kwenye kibanda chake karibu na soko, na Jumamosi alitufundisha dini chini ya paa la mabati nyuma ya kanisa. Kila Jumamosi alikuja na saa tofauti mkononi, maana alikuwa na tabia ya kuzivaa saa za wateja siku nzima ili aone kama zinakwenda sawa kabla hajazirudisha. Sisi watoto tulijua leo saa ya nani iko mkononi mwake. Alikuwa mtu mwembamba, sauti ya upole, na alipenda jambo likae mahali pake kama gurudumu dogo la saa. Mimi ndiye niliyekuwa punje ya mchanga.

Kosa langu lilikuwa samaki. Jumatatu ya Pasaka, kwa kuwa ni sikukuu, Mwalimu alituita darasani, akatusomea jinsi Bwana alivyowatokea wanafunzi wake milango ikiwa imefungwa, akaingia bila kufunguliwa. Kisha akatusomea kwingine kwamba aliwaomba chakula, wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, alipotoka je?"

"Alipotoka wapi?"

"Kwenye chumba. Yeye alipita ukutani. Sasa yule samaki aliyemla naye alipita ukutani, au alibaki sakafuni?"

Wallahi sikukusudia kuchekesha. Nilikuwa nimelifikiria jambo lile tangu aliposema neno "samaki", nikaliona lina shida, nikataka nisaidiwe. Lakini darasa lote lilipasuka. Mvulana mmoja aliigiza samaki anayegonga ukuta kwa pua, akaanguka chini kabisa kutoka kwenye benchi. Mwalimu Anselmi aliitazama saa mkononi, saa ya mtu mwingine, akangoja tumalize.

"Skolastika," alisema, maana yeye peke yake hakunifupisha jina, "Komunyo si mtihani wa shule. Huwezi kuipokea huku unaikagua."

Baadaye alimpitia mama pale barazani, akamwambia kwamba hajui kama niko tayari. Labda ningoje mwaka mwingine. Mama aliendelea kukanyaga pedali ya cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akasema tu, "Basi tutangoja neno lako, Mwalimu."

Ndipo ile mikono ikaenda kwenye kopo la biskuti.

Nataka mnielewe. Niliitaka ile Komunyo kwa moyo wangu wote. Nusu ya hamu ilikuwa udadisi, nilitaka kujua ina ladha gani. Nusu nyingine ilikuwa ule mstari. Kila Dominika watu walisimama, wakapanga mstari mrefu katikati ya kanisa, kwaya ikaimba taratibu, kayamba zikavuma kama mvua ya mbali, nami nikabaki kwenye benchi pamoja na watoto wachanga na mikoba ya kina mama, nailinda. Nilichoka kulinda mikoba. Lakini pia nilikuwa na hofu niliyoificha hata kwa mama: kwamba huenda Mwalimu alisema kweli. Nilikuwa najichungulia ndani kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anayechungulia mtungi aone kama kuna maji, na nilichoona humo kilikuwa maswali tu.

Wiki ile jumuiya ilikutana nyumbani kwetu. Kwa wasiojua, jumuiya ni familia za jirani zinazosali pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mnakaa popote palipo na nafasi, mnasoma Injili ya Dominika inayokuja, kila mtu anasema neno lililobaki moyoni mwake, halafu mnakunywa chai. Siku ile watu walikaa chini ya magauni. Mama mmoja mnene alisali jioni nzima akiwa na pindo la satini juu ya kichwa kama shela ya bibi harusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Injili ilikuwa ya Tomaso, kama kila mwaka Dominika ya Pili ya Pasaka. Mnaikumbuka. Wenzake wanamwambia wamemwona Bwana, naye anasema hasadiki mpaka atie kidole chake kwenye alama za misumari na mkono wake ubavuni. Baada ya siku nane Bwana anakuja tena, anamwita aguse. Mimi nilikuwa nimeshika Biblia ya mama nikifuata mistari kwa kidole, maana huyu alikuwa mtu ninayemwelewa. Msomaji alipomaliza, kidole changu kilirudi nyuma mstari mmoja, kikaenda mbele, kikarudi.

"Hakugusa," nilisema.

Watu waligeuka kunitazama.

"Skola," mama aliita polepole.

"Lakini mama, haikuandikwa. Bwana anamwambia aguse, kisha Tomaso anajibu papo hapo, 'Bwana wangu na Mungu wangu.' Hakuna mahali pamesema alitia kidole."

Mwalimu Anselmi alikuwa amekaa karibu na cherehani. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Nilijua nimejichimbia shimo. Picha ile aliyokuwa ametundika darasani, Tomaso akiwa ametumbukiza kidole chote ubavuni mwa Bwana, tuliitazama kila Jumamosi. Na zaidi ya hapo, Dominika ile Mwalimu alikuwa ameandaa igizo la Injili hiyohiyo, na kijana aliyekuwa aigize Tomaso alikuwa ameugua matubwitubwi.

"Vema," alisema hatimaye. "Tomaso tumempata. Dominika, Skolastika, utasimama mbele ya watu wote. Utatia kidole, utapiga magoti, utayasema maneno yale. Nami nitakusikiliza, kisha nitamwambia mama yako neno langu."

Mama mnene mwenye shela alisema Amina. Chai ikaletwa.

Sasa niwaambie habari ya damu, maana ndiyo iliyoharibu kila kitu, au iliyotengeneza, sijui hata leo.

Yesu wetu alikuwa Kaka Festo, kijana mrefu mwenye ndevu nzuri aliyeuza maji kwa mkokoteni. Ijumaa Kuu alikuwa amebeba msalaba mitaani, kutoka kwa kinyozi mpaka kanisani, akiwa amepakwa wino mwekundu. Jua la Mombasa halina heshima kwa wino. Kabla hata hajaanguka mara ya kwanza jasho lilikuwa limeuosha wote mpaka kwenye soksi, na bwana mmoja barabarani akauliza kwa sauti kwa nini yule Yesu anatokwa na juisi. Mwalimu aliumia sana. Kwa ajili ya Dominika ya Tomaso alitaka kidonda kitakachodumu Misa nzima, na Festo mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. "Tumieni shira ya mabuyu," alisema. "Mimi nikila, midomo hukaa myekundu siku mbili. Haitoki hata kwa sabuni."

Mimi nilitaka kuuliza kwa nini mtu aliyefufuka bado anatokwa na damu. Nilikumbuka lile kopo la biskuti, nikanyamaza. Nadhani ndilo swali pekee nililowahi kumeza mwaka ule.

Shira nzuri ilikuwa kwa Bi Mwanahamisi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wake walikuwa pale kabla ya barabara, kabla ya kanisa, kabla ya sisi wote wa bara, na mabuyu yake watoto waliyafuata kutoka mitaa mingine. Ni yeye pia aliyewavika mitume. Kila Pasaka kina mama wa kanisa walikwenda kwake na kwa majirani wengine wa Kiislamu kuazima kanzu, kwa sababu Mwalimu hakutaka kuwaona wanafunzi wa Bwana wakiwa wamevaa fulana za timu za mpira. Kanzu zilitoka zimepigwa pasi na kufukizwa udi. Petro wetu alinukia vizuri kuliko mtu yeyote kanisani.

Nilimkuta uani, ameinama juu ya sufuria, shira inatokota nyekundu na nzito. Nyuki wawili watatu walikuwa wakiranda ukingoni mwa sufuria, naye akiwafukuza kwa upepeo bila hata kuwatazama.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba, mwanangu. Mabuyu hayajawa tayari."

"Sitaki mabuyu. Nataka shira tu, kidogo. Ya damu."

Mwiko ulisimama hewani. "Subhanallah! Damu ya nani?"

"Ya Yesu. Ni igizo la kanisani."

"Ah." Mwiko ukarudi kazini. "Wajua kwetu sisi Nabii Isa hakuuawa."

"Najua. Saumu aliniambia." Saumu alikuwa mjukuu wake, tulisoma darasa moja.

"Basi kila mtu na lake. Na huyo atakayepakwa shira, aridhia mwenyewe?"

"Ni Kaka Festo wa maji."

"Festo!" Alicheka mpaka mtandio ukamteleza begani. "Masikini mtoto wa watu. Na wewe u nani kwenye hilo igizo?"

"Tomaso. Yule aliyekataa kusadiki mpaka aone."

"Mbishi?"

"Ndiyo."

"Basi wamekupa lako." Akanijazia kikombe cha bati. "Haya, chukua. Na kanzu ya mjukuu wangu Omari utakayovaa, usiitie shira, yuaivaa Ijumaa."

Dominika ilifika. Sijui kama mmewahi kuingia kanisa la pwani msimu wa Pasaka, mvua za masika zinanyemelea na upepo umekata. Mabati yanapiga kite. Kina mama wanajipepea kwa karatasi za nyimbo. Mshumaa mkubwa wa Pasaka unawaka pembeni ya altare mchana kweupe, na mwali wake hautikisiki. Aleluya iliyofungiwa Kwaresima nzima ilikuwa imefunguliwa, na kwaya yetu iliirudisha kama watu waliokuwa wakidai, ngoma, kayamba, vigelegele, mpaka vitoto vikaamka na kuanza kulia.

Baada ya Injili Padre aliketi, nasi tukatoka sakristia. Mitume walijifungia ndani ya chumba cha viti vilivyopangwa mraba. Nilisema maneno yangu ya kwanza kwa sauti kubwa, "Nisipotia kidole changu, sitasadiki!", na nadhani niliyasema vizuri kuliko ilivyotakiwa, maana watu fulani walitazamana. Mwalimu Anselmi alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Mama alikuwa benchi ya tatu. Niliona alivyokunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Kisha Festo akaingia katikati ya viti. Alikuwa amejifunga shuka jeupe lililoacha ubavu mmoja wazi, na pale ubavuni shira ilikuwa inang'aa nyekundu, nene, ya kutisha. Watu waliguna. Kilikuwa kidonda kizuri kweli.

"Amani kwenu," alisema Festo, akainua mikono.

Nyuki wa kwanza aliingia kupitia dirisha la upande wa kwaya. Nilimwona kabla ya Festo. Alizunguka Petro kidogo, labda kwa ajili ya udi, akamwacha, akaja moja kwa moja na kutua juu ya ubavu wa Bwana. Wa pili alikuja nyuma yake kama aliyeitwa. Festo aliangalia chini kwa pembe ya jicho, mikono bado juu, na uso wake wa utukufu ukaganda.

"Tomaso," alisema kwa sauti iliyopungua ghafla, "lete... lete hapa kidole chako."

Nilikwenda. Hatua zenyewe nilizifanyia mazoezi na mama sebuleni, yeye akiwa Yesu, ameshika mkasi. Nilinyoosha kidole. Nyuki watatu sasa walikuwa wanatembea kwenye ule wekundu kwa starehe, wakila kama wako sufuriani kwa Bi Mwanahamisi. Nyuma ya Festo, kando ya nguzo, Mwalimu Anselmi alikuwa anainamisha na kuinua kichwa kunihimiza: gusa, gusa. Hakuwaona wale nyuki. Kidole changu kilikaribia. Na Yesu Mfufuka akainama kidogo, akaninong'oneza bila kusogeza midomo:

"Skola, usiguse. Nakuomba. Kwa jina la Yesu."

Nilimtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini mikono hakuishusha, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na kwa sababu nadhani aliogopa kuniharibia. Alijua habari za gauni langu. Mtaa mzima ulijua. Alikuwa amesimama pale na nyuki ubavuni ili mimi nipate mikono ya gauni.

Kidole kikarudi chenyewe. Nikapiga magoti, ndevu zikaning'inia upande mmoja, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza ndizi nje:

"Bwana wangu na Mungu wangu!"

Ilitoka nzima. Sikuwa nimeipanga itoke hivyo, na sikuwa na wakati wa kujichungulia ndani kwanza.

Nilibaki pale chini. Kisha mmoja wa wale nyuki akaamua kuchunguza ndani ya shuka. Festo akatoa sauti ambayo haimo kwenye Injili yoyote, akaruka viti viwili na mtume mmoja, akapotea kupitia mlango wa sakristia huku shuka likipepea nyuma yake. Kupaa Mbinguni kulikuja mapema mwaka ule.

Kanisa lilicheka. Si kicheko cha dhihaka. Kilianza kwa watoto, kikaenda kwa kina mama, kikafika kwa wazee wa baraza waliokuwa wakijizuia kwa kukohoa, na hatimaye Padre mwenyewe alionekana amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Alipoweza kusimama aliiacha karatasi yake ya mahubiri kwenye kiti.

"Ndugu zangu," alisema akijifuta macho, "usiku wa Pasaka tuliimba humu kumshukuru Mungu kwa ajili ya kazi ya nyuki, waliotupa nta ya mshumaa huu. Leo wamekuja wenyewe kuitikia. Bwana amefufuka!"

"Amefufuka kweli kweli!" watu wakajibu, na kwaya haikungoja kuashiriwa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimepiga magoti katikati ya viti, nafikiria lile kopo la biskuti.

Mwalimu Anselmi alikuja alasiri. Mama alimpa kiti, akaendelea kushona gauni la mtoto wa mtu. Mimi niliitwa, nikasimama mbele yake. Alikuwa amebeba Biblia, ameweka kidole katikati ya kurasa.

"Nambie ukweli, Skolastika. Kwa nini hukugusa?"

Niliona wazi majibu mawili. Moja lilikuwa zuri, lingenipandisha mbele ya kila mtu: kwamba nilifuata Maandiko. Nilifungua kinywa nilitoe.

"Kulikuwa na nyuki, Mwalimu," nilisema.

Alinitazama. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni. Alijaribu kuitazama saa yake, haikumsaidia, akaanza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu, mtu yule mpole ambaye sikuwahi kuyaona meno yake ya nyuma, mpaka miwani ikamdondokea mapajani.

"Na maneno uliyosema," aliuliza alipotulia, "uliyasema kwa sababu ya nyuki?"

Nilifikiri. "Hapana. Yale yalitoka tu."

Alifungua Biblia pale kilipokuwa kidole chake, akamgeukia mama. "Nimesoma mara nyingi leo tangu Misa, Mama Skola. Nimefundisha miaka na miaka kwamba aligusa. Nimetafuta. Sijaona." Akafunga kitabu. "Mtie mtoto mikono."

Mama alisimamisha pedali. Alilitoa gauni la watu kwenye cherehani likiwa nusu, akalisukuma pembeni, akafungua kopo la biskuti.

Dominika ya Tatu nilisimama kwenye ule mstari. Ladha yake, kama mtataka kujua, ni kama karatasi nyembamba sana inayoyeyuka, na nilirudi kwenye benchi nikiwa na maswali mapya. Lakini mikoba ya kina mama ililindwa na mtu mwingine.

Nyumbani tulifanya sherehe. Festo alikuja na mitungi ya maji ya bure, ubavu wake umevimba kidogo na fahari yake imevimba zaidi, maana aliyeumwa na nyuki akiwa Yesu haelezi kisa chake mara moja tu. Bi Mwanahamisi alileta sinia ya mabuyu. Alikaa karibu yangu mkekani, akanishika lesi ya gauni, akaisifu kazi ya mama, kisha akainama.

"Hebu nambie, yule mbishi wako. Alipokataa kuwasadiki wenzake, ikawaje?"

"Bwana alirudi baada ya siku nane."

"Hilo nimeambiwa. Nauliza hizo siku nane. Yeye alikuwa wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Alikuwa nao. Ndani."

"Na mlango umefungwa?"

"Umefungwa."

"Hawakumtoa?"

"Hawakumtoa."

"Walimpa chakula?"

"Haikuandikwa, Bi Mwanahamisi."

Alitia buyu mdomoni, akalimung'unya taratibu. "Kula alikula, mwanangu. Hilo halingoji kuandikwa."

Nilicheka, nikakimbilia kwa Saumu, nikalisahau. Nilikuwa na gauni lenye mikono na ulimi mwekundu, na mtoto mwenye vitu hivyo viwili hafikirii.

Nimelifikiria baadaye. Nimesoma chuo kikuu, nimejifunza kuuliza maswali kwa maneno marefu zaidi, na yule samaki bado hajanitokea vizuri upande wa pili wa ukuta. Kwa muda mrefu nilidhani kisa cha Tomaso ni kisa cha kidole: aligusa au hakugusa. Siku hizi naona kiini chake kiko kwenye ile wiki ambayo Injili inairuka kwa mstari mmoja. Wale wenzake walikuwa na habari kubwa kuliko zote, na katikati yao ameketi mtu anayesema wazi kwamba haisadiki. Wangeweza kumwambia akangoje nje, arudi akiwa tayari. Walimwachia nafasi mezani. Bwana aliporudi alimkuta ndani.

Nikienda nyumbani wakati wa Pasaka, jumuiya bado inakutana, kwa zamu ileile. Mama ana cherehani ya umeme sasa. Mwalimu Anselmi amezeeka, husinzia wakati wa sala akiwa na saa za watu wawili kwenye mkono mmoja. Tunasoma habari ya Tomaso, kila mtu anasema neno lake, na inapofika zamu yangu wote wananigeukia huku wakijizuia kucheka.

"Haya, Kwanini," husema mama. "Toa ulilonalo."

Nami natoa, na sitoi kidogo. Mlango uko wazi kwa sababu ya joto, harufu ya iliki inapenya kutoka uani kwa Bi Mwanahamisi, ambako sasa Saumu ndiye anayekoroga. Ninaendelea kuuliza, na katikati ya swali mtu ananiwekea kikombe cha chai mkononi.